Umekuja na nani? Safari ya gari tupu na somo la Nangurukuru

Ukitoka Dar es Salaam kwenda Lindi au Mtwara, ukishapita Kibiti, Ikwiriri, Daraja la Mkapa na Somanga, kuna mahali utapunguza mwendo hata kama hukupanga kusimama. Ni Nangurukuru, wilayani Kilwa, kilomita karibu 300 kutoka Dar es Salaam. Hapa njia zinagawanyika. Moja inakwenda pwani, Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko, safari ya kilomita zipatazo 30 hadi Masoko. Lami kuu inaendelea kusini kwenda Lindi, zaidi ya kilomita 150 mbele. Na iko ya tatu inayoingia bara kupitia Njinjo hadi Liwale, zaidi ya kilomita 200, njia ambayo kwa miaka mingi imewatesa wasafiri kila mvua zinaponyesha.

Kwa sababu hiyo Nangurukuru ni mahali pa kushuka gari moja na kutafuta jingine. Aliyepanda basi la Mtwara na safari yake ni Masoko anashukia hapa, anatafuta Noah, bajaji au bodaboda. Basi likisimama tu, vijana wanakimbilia madirishani na korosho, mayai ya kuchemsha, karanga na maji. Lakini nyuma yao, chini ya miti na kwenye vibaraza vya maduka, wako watu wengine ambao hawauzi kitu. Wamekaa juu ya mabegi yao wanatazama barabara. Wengine wanangoja basi, wengine lori. Na wako wanaotutazama sisi wenye magari madogo, wanahesabu vichwa vilivyomo ndani.

Mimi nimehesabiwa hapo mara nyingi. Kwa muda mrefu jibu lilikuwa kichwa kimoja.

Gari lenye mtu mmoja

Mama yangu anaishi Lindi mjini. Miaka mitatu iliyopita sukari na presha vilianza kumsumbua, ikawa kila baada ya mwezi mmoja au miwili natakiwa kwenda kumwona, kumpeleka kliniki na kuangalia kama dawa zake zipo. Mwanzoni nilikuwa napanda basi. Baadaye tulinunua gari dogo, IST iliyotumika, nikaanza kuendesha mwenyewe.

Baba watoto alinipa sharti moja tu. "Mke wangu, nenda utakapo, lakini usimbebe mtu usiyemjua."

Nililikubali bila ubishi na, nisiwadanganye wasomaji, nililipenda. Mwanamke mwenye watoto watatu na kazi ya kuajiriwa hapati saa saba za kukaa kimya mahali popote isipokuwa barabarani. Naweka muziki ninaoutaka mimi. Nasimama ninapochoka. Hakuna anayeniuliza sare ya shule iko wapi wala chumvi imewekwa kabati gani. Wapo watakaosema huo ni ubinafsi. Mimi naona kila mtu anahitaji mahali pa kupumzisha kichwa, na kwangu mahali hapo palikuwa kati ya Mbagala na Lindi.

Tatizo lilikuwa nikifika. Kabla sijavua viatu, baada ya shikamoo na marahaba, mama ananiuliza swali lile lile.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu, mama."

Anaegemea mlango, analitazama gari, kisha ananitazama mimi. "Gari zima?"

Nilikuwa nacheka. Nikidhani ni mambo ya wazee tu.

Halafu ikaja safari moja ya mwezi wa Julai. Nilisimama Nangurukuru kama kawaida yangu, nikaingia kwenye banda la mama lishe mmoja ninayempenda kwa chapati zake. Nilipotoka, kando ya gari alikuwa amesimama bibi mmoja na mvulana wa miaka kama minane. Mkono wa mtoto ulikuwa umefungwa kifuani kwa kipande cha khanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Unaelekea Lindi?"

Nikasema ndiyo kabla ya kufikiri. Akanieleza kwa sauti ndogo kwamba mjukuu ameanguka kutoka kwenye mkwaju, kwamba wamepewa karatasi ya rufaa kwenda Lindi, na kwamba basi lililopita lilikuwa limejaa. "Hata nyuma huko tutajibana," alisema. Karatasi alikuwa nayo mkononi, ameikunja mara nne.

Sikuiomba niisome. Nilimwambia gari lina tatizo la springi za nyuma, halibebi watu. Ulikuwa uongo, na nadhani alijua, kwa sababu alilitazama gari kidogo, akasema, "Haya mwanangu, Mungu akufikishe salama," akamshika mtoto bega wakarudi kivulini.

Nilikuwa nimetimiza sharti la nyumbani. Niliwasha gari nikaondoka na viti vinne vitupu.

Sekunde tatu baada ya Mbwemkuru

Wanaoijua barabara hii wanajua kipande cha kusini mwa Mto Mbwemkuru. Lami nzuri, magari machache, pori pande zote mbili. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua kali, chapati mbili tumboni. Sikusikia usingizi unakuja. Nilichosikia ni kokoto zinagonga chini ya gari. Nilipofumbua macho, tairi za kushoto zilikuwa nje ya lami na mbele yangu kulikuwa na nyasi. Nilikanyaga breki, gari likayumba, likasimama hatua chache tu kutoka kwenye mtaro.

Nilikaa pale nikitetemeka. Sikuwa na hata mtu wa kumwambia, "Umeona?"

Lori lililokuwa nyuma yangu lilisimama. Dereva alishuka pamoja na utingo wake, wakanikagulia tairi, wakanipa maji. Kisha dereva akauliza, bila kejeli, "Dada, nani alikuwa anakuongelesha?"

Nikamwambia niko peke yangu.

"Ndiyo maana," alisema. "Watu wanadhani utingo ni wa kushusha mzigo. Utingo kazi yake ya kwanza ni kupiga stori."

Baadaye nilikaa nikapiga hesabu. Gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, linakwenda mita 22 kila sekunde. Macho yakifumba kwa sekunde tatu tu, gari limeshatembea mita 66 bila dereva. Hiyo ni zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Na dereva mwenye usingizi hana kifaa ndani yake cha kumwambia kwamba sasa analala. Anayeweza kumwambia ni mtu aliyekaa kiti cha pembeni.

Nilifika Lindi jioni. Mama akauliza swali lake. Siku hiyo sikucheka.

Barabara hii haikuzoea mtu mmoja

Usiku ule mama alinieleza swali lake linatoka wapi. Kwa kizazi chake, kwenda Dar es Salaam hakukuwa safari ya siku moja. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni, na pantoni ikiharibika watu wanalala ukingoni. Hata baada ya daraja, kile kipande cha kilomita zipatazo 60 kutoka Ndundu hadi Somanga kiliendelea kuwa tope kwa miaka mingi, kwani ndicho kilichokuwa cha mwisho kuwekwa lami. Masika, basi linaweza kuzama pale leo likatolewa kesho.

"Tulikuwa tunabeba mkeka na chakula cha ziada," mama alisema. "Chakula cha ziada si chako. Ni cha mwenzio atakayekuwa hana. Na ukipanda basi unatazama kwanza umepanda na nani, maana hao ndio mtakaosukuma wote."

Kumbe swali la "umekuja na nani" halikuwa udadisi wa mama mkwe wa mtu. Lilikuwa swali la usalama. Alikuwa ananiuliza kama gari lingekwama, nani angesukuma.

Ukirudi nyuma zaidi ni hivyo hivyo. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya pwani hii ya kusini, na misafara ilitoka huko Ziwa Nyasa ikapita nchi hizi hizi kuja baharini. Hakuna aliyethubutu kuitembea njia ile peke yake, kwa hofu ya simba, njaa na wanyang'anyi. Lakini tusiipambe historia. Wengi waliotembea katika misafara ile hawakuchagua wenzao wala safari yenyewe. Walikuwa mateka. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alipokubali kuifunga biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, wafanyabiashara waliwageuza watu wale kuelekea kaskazini kwa miguu, wakifuata pwani, upande ule ule mabasi yetu yanaoelekea leo yakienda Dar es Salaam. Katazo la misafara ya nchi kavu lilikuja mwaka 1876.

Nalisema hili kwa sababu wengi wetu tukizungumzia kusafiri pamoja tunaimba umoja tu. Kuwa wengi njiani si wema peke yake. Lazima ujue nani amekubali kuwa ndani ya safari ile na nani amelazimishwa, na hilo linamhusu mwenye gari pamoja na abiria.

Wazazi wetu waliokuwa Dar es Salaam wanakumbuka kulazimishwa kwa aina nyingine, nyepesi zaidi. Katika miaka ya uhaba mkubwa wa mafuta, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, magari binafsi hayakuruhusiwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana bila kibali. Mwenye gari alijifunza kupanga safari, na jirani asiye na gari alijifunza kuuliza mapema. Wala hatukuwa wa kwanza. Marekani tajiri yenyewe, ilipoingia Vita Kuu ya Pili na mpira wa kutengenezea tairi ukaadimika, serikali yake iliwahimiza wananchi wapakizane kwenda kazini badala ya kila mtu kuendesha gari lake.

Na Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoipiga pwani yetu, maji yalikata barabara katika wilaya ya Kilwa, na Lindi na Mtwara zikatenganishwa na Dar es Salaam. Mwenye gari la fahari na aliyekuwa kwenye basi walikaa foleni moja. Wahenga walisema msafiri masikini ajapokuwa sultani, na pwani ya Kilwa, ambako masultani walikuwako kweli, methali hiyo haihitaji kufafanuliwa.

Woga wa baba watoto una sababu

Niliporudi Dar es Salaam nilimweleza mume wangu kila kitu, pamoja na bibi na mtoto. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema maneno ambayo siwezi kuyapuuza. "Ungelala na bibi na mtoto wakiwa ndani, mngekufa watatu. Na angekuwa si bibi, akawa mtu mbaya, ningekuja kukutafuta wapi?"

Wasomaji, na hasa kina mama wenzangu, msikubali kudanganywa na wanaosema hofu hii ni roho mbaya. Wapo waliobeba mtu kwa huruma wakaporwa. Wapo mabinti walioomba lifti kwa nia njema wakaishia kwenye mikono isiyofaa, maana hatari haiko upande wa mwenye gari tu. Binti anayeingia kwenye gari la mwanamume asiyemjua anaweka maisha yake rehani kuliko dereva.

Yako pia mambo ya sheria. Kumsaidia mtu ni jambo moja, kutoza nauli ni jingine. Ukianza kutoza unakuwa mfanyabiashara wa usafiri, na biashara hiyo ina leseni yake kutoka LATRA. Bima uliyokatia gari la nyumbani nayo haikukatwa kwa ajili ya abiria wa kulipa. Ajali ikitokea, huruma yako inaweza kukugeukia.

Yako na mengine madogo. Safari yangu ya gari tupu kwenda na kurudi hainikeri mtu. Lakini pia inakula mafuta yale yale. Kutoka Dar es Salaam hadi Lindi gari langu linakunywa kama lita 30. Kwa bei ya petroli ya wakati ule, iliyokuwa inacheza karibu na shilingi 3,000 kwa lita, hizo zilikuwa shilingi 90,000 kwenda tu. Abiria wa basi alikuwa analipa chini ya nusu ya hapo. Fedha hizo zote zilikuwa zinatoka mfuko mmoja, na mfuko huo huo ndio wa dawa za mama.

Kwa hiyo hatukugombana. Tulikaa chini kama wazazi wawili wenye tatizo moja: mimi siwezi kwenda peke yangu tena, na siwezi kuokota kila anayenyoosha mkono. Tufanyeje?

Mdhamini ni mama lishe

Jibu nililipata pale pale nilipokosea. Safari iliyofuata sikwenda peke yangu. Kupitia kundi la WhatsApp la watu wa Lindi tunaoishi Mbagala nilimpata mwalimu mmoja aliyekuwa anakwenda likizo kwao, tukakubaliana achangie mafuta. Tulipofika Nangurukuru, nilimuuliza mama lishe wangu kama kuna mtu anayemjua anayesubiri gari la Lindi.

Hakushangaa hata kidogo. Alifuta mikono kwenye khanga, akatazama kivulini. "Yule mzee mwenye kofia ya kiua namjua, nyumba yake iko nyuma ya msikiti, anakwenda msibani. Yule binti mwenye mtoto ni wa jirani yangu. Yule kijana mwenye miwani simjui, kafika asubuhi." Kisha akaongeza, "Nipe namba yako ya simu na ya gari, niwape watu wao."

Nilisimama pale nikijiuliza nimepita mbele ya mama huyu mara ngapi bila kujua kazi yake. Yeye anauza chai, lakini kwa kukaa pale kutwa nzima amekuwa daftari la njia panda. Anamjua nani mtoto wa nani, nani anakwenda wapi, nani alikopa akakimbia. Nilipompa namba ya gari langu nilielewa kitu kingine: ananichunguza na mimi. Yule binti naye alihitaji kujua amepanda gari la nani.

Huko Ufaransa iko kampuni iitwayo BlaBlaCar, iliyoanzishwa mwaka 2006, inayowakutanisha wenye magari na wasafiri kwa njia ya mtandao. Jina lake limetokana na msafiri kutakiwa kusema mapema kama yeye ni mwongeaji kidogo, wa kiasi au sana. Na baada ya safari dereva na abiria wanapeana alama ili anayefuata ajue anakutana na nani. Ni utaratibu mzuri. Nangurukuru kazi hiyo inafanywa na mama mwenye jiko la mkaa na birika la chai, na kuhusu kuongea, hakuna anayeulizwa. Utaongea tu.

Na tuliongea. Yule mzee alimtania mwalimu tangu Mandawa hadi Mbwemkuru, kila mmoja akitafuta kabila la mwenzake apate pa kuanzia utani. Mzee alinionya mara mbili nipunguze mwendo, na mara ya tatu akaniamuru nisimame ninawe uso, kwa sababu, alisema, "Umeacha kunijibu." Nilikuwa sijajua kama nimeacha.

Nilipowashusha Lindi, mwalimu alitoa mchango wake wa mafuta kama tulivyokubaliana. Mzee nilikataa pesa yake. Alinung'unika, akafungua mfuko wake wa rambo, akaniachia nazi tatu kwenye kiti.

Si wote wenye nazi

Nisiwafanye wasomaji mdhani kila kitu kilikwenda vizuri tangu siku hiyo. Mtoto wa yule binti alitapika kwenye kiti cha nyuma na harufu ilikaa wiki mbili. Nimembeba mtu aliyesema anashuka "hapo mbele tu", na mbele kukawa kilomita 40 pamoja na kuchepuka kwenye njia ya vumbi. Nimebeba mama mmoja aliyezungumza tangu Kiranjeranje hadi Lindi kuhusu kesi ya shamba la mikorosho, bila kuvuta pumzi. Usingizi sikupata, lakini amani pia sikupata.

Na nimefanya kosa moja kubwa. Siku hiyo banda la mama lishe lilikuwa limefungwa. Nilimchukua kijana mmoja kwa kumtazama sura tu, akiwa na viroba viwili alivyosema ni vitu vya nyumbani. Tulipofika kwenye kizuizi cha ukaguzi, vitu vya nyumbani vikawa mkaa usio na kibali. Gari ni langu, buti ni langu, kwa hiyo wa kwanza kuulizwa ni mimi. Tulikaa pale zaidi ya saa moja na nusu. Kijana alikiri, akalipia kosa lake mwenyewe, lakini mama alikuwa ananisubiri Lindi na dawa yake ya jioni nilikuwa nayo mimi kwenye pochi. Jioni ile nilijilaumu kuliko siku niliyosinzia.

Tangu hapo nina taratibu zangu, ambazo mume wangu amezikubali, na naziandika hapa kwa faida ya familia nyingine zenye safari kama hizi.

Kwanza, simbebi mtu asiyejulikana na mtu ninayemjua. Anaweza kuwa mama lishe, jirani, au mtu wa kundi letu. Sura nzuri si mdhamini.

Pili, nampigia simu baba watoto mbele ya abiria, nataja majina yao, wanakoshuka na saa tunayotegemea kufika. Mtu mwema hachukii. Kwa kweli wengi wanapiga simu zao pia, nami nawahimiza.

Tatu, mzigo naufungua niuone kabla haujaingia kwenye buti.

Nne, mambo ya pesa tunayamaliza kabla ya gari kuondoka. Mchango wa mafuta ni mchango, si nauli, na mgonjwa au mfiwa hachangii.

Tano, mgonjwa anatangulia. Kama kuna mtu mwenye karatasi ya hospitali, wengine watasubiri basi.

Na ya sita niliiongeza kwa ajili yangu mwenyewe: safari moja kati ya nne nakwenda bila abiria wa njiani, nikiwa na mtoto wangu mmoja mkubwa tu, ambaye anavaa vidude vyake vya masikioni na kuniacha na muziki wangu. Kimya bado nakihitaji. Nimejifunza tu kwamba kimya si lazima kiwe cha mtu mmoja.

Mkono wa mtoto

Msomaji atakuwa anajiuliza kuhusu yule bibi. Mimi pia nilijiuliza kwa miezi kadhaa. Nilimuuliza mama lishe, naye alimkumbuka mara moja. Siku ile hawakupata gari. Mabasi yote ya jioni yalipita yamejaa, bibi na mjukuu wakalala bandani kwake juu ya mkeka, wakapata lori alfajiri.

Mwaka uliofuata nikamwona. Alikuwa amekaa kibarazani anauza ufuta uliokaangwa na asali kidogo, na mvulana yuko pembeni anapanga vifuko. Nilinunua vifuko vitano. Mtoto alinipa chenji kwa mkono wa kulia, kisha akanyoosha wa kushoto kuchukua mfuko, na nikaona kwamba ule wa kushoto haunyooki mpaka mwisho.

Mimi si daktari. Sijui kama usiku ule mmoja ulichangia chochote, au kama mkono ungekuwa hivyo hata angefika Lindi saa ile ile. Sitajua. Bibi hakunikumbuka. Mimi nilimkumbuka vizuri, hata sauti yake ya "Haya mwanangu".

Nilitaka kumwomba radhi, nikaona nitakuwa namtwisha yeye mzigo wangu. Nikamuuliza kama ana safari ya Lindi siku za karibuni. Akasema wiki ijayo mjukuu ana tarehe ya kuonana na daktari. Nikamwambia nitapita Alhamisi, saa sita mchana, wanisubiri kwa mama lishe. Alinitazama kwa mashaka, kama mtu aliyewahi kuahidiwa vitu na wenye magari.

Alhamisi nilipita. Walikuwa wameshafika, mtoto amevaa shati lililopigwa pasi, na bibi ana karatasi mkononi, ameikunja mara nne.

Jioni nilipofika nyumbani, mama alikuwa mlangoni. Siku hizi anatembea kwa fimbo, lakini mlangoni lazima afike.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja na nani?"

Nikamhesabia. Mwalimu, bibi, mjukuu wake, na mama mmoja wa Mchinga aliyeshukia njiani.

Alitikisa kichwa, akatazama nyuma yangu kwenye gari ambalo sasa lilikuwa tupu, akakunja uso.

"Sasa huyo bibi na mtoto umewaacha hospitali, usiku huu wanalala wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nikawasha gari.